Namba iliyogoma kugawanyika

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la rejareja Morogoro. Mwanangu wa darasa la sita anacheza gemu kwenye simu yangu ya zamani. Alama zake zilipanda hadi 2,147,483,647 zikaganda hapo. Yeye anasema simu imekufa. Mimi nilipofunga duka nilichukua kikokotoo, nikaigawanya namba hiyo kwa 3, 7, 11, 13, mpaka 47. Kila mara inabakiza. Ni namba gani hii?
Muuza duka, Morogoro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Simu ni nzima. Chukua kopo: tarehe 1 Januari tia shilingi 1, tarehe 2 tia 2, tarehe 3 tia 4, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 10 kopo lina 1,023, hata nusu kilo ya sukari hupati. Tarehe 20 lina 1,048,575. Mwezi ukiisha tarehe 31, jumla ni 2,147,483,647 kamili. Yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1.

Gemu za aina hiyo hutunza namba katika nafasi 32 za 0 au 1. Nafasi moja ni ya alama ya kutoa. Zinabaki 31, na za mwanao zote zimejaa 1.

Sasa hilo la kugawanya, ambalo ndilo limenifurahisha. Namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuthibitisha kwa njia yako kunataka ujaribu namba tasa zote mpaka 46,340, maana kigawo kikizidi hapo, mwenzake lazima awe chini ya hapo. Ziko 4,792. Najua uchovu wake: nikiwa mwalimu kijana kijijini nilijaza daftari la kaunta kwa taa ya chemli, nikaishia 1,009.

Mwanahisabati Leonhard Euler alimaliza kazi hiyo mwaka 1772, akiwa St Petersburg, Urusi, macho yake karibu yamepofuka kabisa. Hakugawanya ovyo. Alijua kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 31 lazima kibakize 1, na ukikigawanya kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Chujio hilo linaacha namba 373 tu kuanzia 63 mpaka 46,340, na nyingi kati yake si tasa, nazo unazitupa. Mpaka leo nikilifikiria nasisimka: mtu asiyeona ukurasa aliona pa kutopoteza muda.

Nilipolijua chujio hilo nilirudi kwenye daftari langu. Katika namba tasa 169 nilizozihangaikia, ni moja tu iliyostahili kujaribiwa, 311. Inabakiza 35. Zako zote, 3 mpaka 47, hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Baada ya 311 inafuata 1,303. Hiyo kaa na mwanao muigawanye kwa mkono, kikokotoo kiwe cha kuhakiki tu.