Jibu: Kalamu au mifuko kwa wageni wa maonyesho?

Ndugu, umeuliza kama ununue kalamu 1,000 au mifuko 200 ya kitambaa kwa wageni wa banda lenu. Mimi ningechukua mifuko, tena mikubwa. Mgeni akifika banda la tatu mikono imeshajaa vipeperushi. Mpe mfuko wa kuning'iniza begani, atatumbukiza kila kitu humo, hata vya washindani wako, na jina lenu litazunguka ukumbi mzima hadi jioni.

Kalamu si mbaya, ila andika nayo kwanza kabla hujalipa. Niliwahi kugawa zilizokuwa zinakwaruza karatasi bila kutoa wino, mteja akaishia kuniandikia namba yake kwa kalamu ya banda la jirani. Aibu niliyoiona!

Halafu usizimwage mezani kama njugu, wapita njia watazoa waende zao. Ziweke nyuma, umpe mtu mkishazungumza. Kama wengi wanasafiri kwa ndege, achana na visu vidogo vya mfukoni, vinaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi. Nembo ya rangi moja huwa nafuu kuchapa. Na sampuli uishike mkononi kabla ya kuagiza zote.