Kumuuliza mwalimu dalili (ushahidi) si kukufuru

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26, ninaishi Kisauni na ninafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Mama yangu ana kisukari na hudungwa insulini. Kaka yangu mkubwa alimleta nyumbani mwalimu anayesema kwamba sindano ni kukosa kumtegemea Mungu, akamwamuru mama aziache, anywe kombe la aya za Kurani na asali. Mama alipozidiwa na kukimbizwa hospitali, mwalimu alisema kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Nilimuuliza mbele ya watu amejuaje kwamba Mungu ametaka hivyo. Kaka akasema nimekufuru, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Mama amerudi nyumbani na bado anamsikiliza mwalimu. Sasa ninajiuliza hata mambo niliyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Je, nimekufuru? Na nimweleze mchumba wangu, ilhali nikaha ni baada ya Ramadhani?*
*Mwenye Shaka, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaligusa swali la kukufuru nitaanza na mama, kwa sababu maswali yako yanaweza kungoja lakini sukari yake haingoji. Insulini haiachwi kwa amri ya mtu asiyempima mgonjwa. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, watoto ambao miili yao haiitengenezi kabisa walikuwa wakifa, hata wazazi wao wawe wacha Mungu namna gani. Na katika aina ya kisukari inayokwenda polepole, sukari inayoachwa juu kwa muda mrefu huharibu macho, figo na mishipa ya miguu pasipo mgonjwa kuhisi. Asali, pamoja na heshima yake yote katika Kurani, ni sukari. Mrudishe mama kliniki upesi, daktari azungumze naye mwenyewe wala si kupitia kwako, na muwe na kile kipimo cha kutoboa kidole, ili kila asubuhi kabla ya kustaftahi aisome namba kwa macho yake. Kombe usimnyang'anye. Ikiwa maandishi yale ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi ya mawaridi yanamtuliza moyo, na daktari hana pingamizi, na alinywe huku akidungwa sindano zake. Ukimlazimisha kuchagua kati ya aya na dawa, utakuwa umekubali kwamba mwalimu alisema kweli, kwamba viwili hivyo havikai pamoja.

Sasa swali lako. Mimi si mufti na sitoi fatwa, lakini sioni kufuru katika ulilolifanya. Ulimuuliza mtu anayedai kumsemea Mungu amejuaje, na mtu wa namna hiyo anadaiwa jibu. Nabii Ibrahim, katika Sura ya Baqara, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu, na alipoulizwa kama haamini alijibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie, hakufukuzwa, alionyeshwa. Na Mtume, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaambia wajitibu. Kaka yako anazijua habari hizi, maana husomwa katika darsa za misikiti yetu, ndiyo sababu nasikitika kwamba neno zito kama kukufuru limetamkwa sebuleni kwa binti aliyekuwa akimtetea mamake.

Linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni lile jibu la mwalimu. Mama akipata nafuu, kombe limefanya kazi. Akizidiwa, imani yake ni pungufu. Likague jibu hilo kwa utulivu, mwanangu, kwa kuwa utakutana nalo tena kwa mavazi mengine. Hakuna jambo lolote linaloweza kutokea, si kupona, si kuzimia, hata kifo chenyewe, litakaloonyesha kwamba mwalimu amekosea, na madai yasiyoweza kukosea kwa hali yoyote hayakuambii chochote kuhusu mgonjwa wala kuhusu Mungu. Hasara yake hulipwa na asiye na nguvu, ambaye juu ya maradhi hubebeshwa na lawama za maradhi hayo. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja wa Kikristo ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, saa chache tu kutoka hapa Mombasa. Wengi wetu tulisema hayo ni ya watu wa dini nyingine. Lakini wale hawakuanzia porini wala hawakuanza kwa kufunga mpaka kufa. Walianza kwa kuambiwa kwamba shule na hospitali hazimfai mja wa Mungu, na aliyeuliza alionekana kuwa dhaifu wa imani.

Wala usidhani kwamba kudai dalili ni tabia ya kigeni iliyoletwa na masomo yako. Katika mji huu huu, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, akakemea desturi zilizofuatwa kwa mazoea tu bila msingi katika dini, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikuwa mwanazuoni aliyeipenda dini yake, naye hakuona kwamba mapenzi hayo yanamtaka anyamaze.

Kwa kaka yako, mbinu ya mbele ya watu usiirudie, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa hadharani hushikilia hata asichokiamini. Mtafute akiwa peke yake, umwombe radhi kwa mahali ulipolisemea swali, si kwa swali lenyewe, kisha umuulize hili moja: ni jambo gani likitokea litamfanya aseme kwamba mwalimu amekosea? Usimkimbize ajibu. Vilevile nenda na baba, au mjomba anayeheshimiwa, kwa imamu wa mtaa wenu, kwa maana mama atayasikia kwa imamu maneno ambayo kwako ameyafungia masikio.

Ama shaka ulizobaki nazo, sitakuahidi kwamba zitakurudisha pale pale ulipokuwa, kwa kuwa ningekuwa ninakudanganya. Ulihifadhi juzuu ukiwa mtoto bila kufahamu maana. Tafsiri za Kiswahili zipo, soma ukiwa mtu mzima, na swali linalokusumbua liandike kisha ulipeleke kwa mwenye elimu asiyekasirika kuulizwa. Akisema hajui, mheshimu zaidi. Na yule anayekuambia mitandaoni kwamba dini yote ni uongo, mdai dalili kwa ukali ule ule uliomdai mwalimu, kwani kufuata bila kuuliza kunawezekana hata katika kukanusha. Kama unaendelea kuswali, usijione mnafiki. Shaka haikuzuii kusimama mbele ya Mola wako.

Mchumba wako mweleze, na iwe kabla ya nikaha. Usimpe orodha nzima ya maswali siku moja. Msimulie yaliyompata mama, ulichomuuliza mwalimu, na jinsi ulivyobaki. Mtakuja kupata watoto, nao wataugua na watauliza, na ni haki yenu wawili kujua sasa, kabla mahari haijapokewa, kila mmoja atafanya nini siku hiyo. Kama atakutaka uahidi kutouliza tena, ahirisha tarehe.