Chumba cha kufulia: anza na maji

Pole na vumbi la ukarabati, dada. Umeuliza ununue mashine gani ya kufulia kwa hicho chumba cha nyuma ya jiko hapo Moshi. Kabla hujaenda dukani, pima kimo kutoka simtanki hadi koki: kila mita moja hutoa presha ya maji ya takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha), na mashine nyingi za otomatiki huhitaji walau baa 0.5. Mnara wa tangi wa mita tatu hautoshi, weka pampu ndogo. Sakafu iteremke sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Simama na fundi, mwage ndoo kabla hajabandika vigae, uone maji yanakokimbilia. Soketi ikae juu, mbali na koki. Dirisha usilibane, Juni na Julai mawingu yakitanda, nguo zitaanikwa humo humo.