Nimeambiwa niongeze 190,000 nipate dhamana ya ziada ya PlayStation: yafaa?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Majengo, hapa Moshi. Wanangu wawili wamefanya vizuri shuleni na niliwaahidi PlayStation 5. Nimepata duka mjini linaloiuza mpya kwa shilingi 1,650,000. Muuzaji anasema ina dhamana ya kiwandani ya mwaka mmoja, lakini nikiongeza 190,000 atanipa karatasi ya dhamana ya miaka miwili zaidi: ikiharibika wataitengeneza au watanipa nyingine. Mke wangu anasema nilipe tu, kwani Mtume alisema mfunge ngamia kisha utawakali, yaani umtegemee Allah. Jirani yangu anasema dhamana zote hizi ni bima, na bima ni haramu. Nimebaki katikati. Halafu vijana wa mtaani watakuja kucheza, na kawaida yao anayefungwa ananunua soda. Na hilo lina neno?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah awabariki wanao, na akulipe kheri kwa kuichukulia ahadi ya mtoto kuwa ni ahadi. Wazazi wengi huidharau.

Wanazuoni husema hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu, na mimi mashine hizi nilikuwa nazijua kwa kuziona tu. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilikwenda kwa fundi mmoja karibu na soko la Mbuyuni nikamuuliza zinaharibikaje. Nitakueleza aliyoniambia, maana yanaingia kwenye jawabu.

Jirani yako amekaribia haki, ila amejumlisha mno. Dhamana ni jina moja lililobeba mambo mawili, na kila moja lina hukumu yake.

Ile ya kiwandani inayokuja na mashine yenyewe haina tatizo. Hukuilipia kando, imo ndani ya bei, na maana yake ni kwamba aliyetengeneza anakubali kubeba kasoro iliyotoka mkononi mwake. Mwaka 2007 Microsoft ilibanwa na mashine zake za Xbox 360, zilizokuwa zikifa kwa wingi huku zikiwaka taa tatu nyekundu. Ikarefusha dhamana ya hitilafu ile hadi miaka mitatu bila kumtoza mteja kitu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Walikuwa na sababu zao za kibiashara, lakini mwanafunzi wa fiqhi akisoma habari ile anaitambua mara moja: ni dhamana ya aibu, yaani kasoro, nayo tunayo katika vitabu vyetu tangu zamani.

Karatasi ya 190,000 ni jambo jingine. Umeshalipia mashine, umeshapata dhamana yake, sasa unatoa fedha nyingine. Unanunua nini? Hununui kifaa, na hununui kazi ya fundi, kwa sababu huenda fundi asiiguse mashine yako hata siku moja. Unanunua ahadi iliyofungwa kwenye tukio ambalo wewe hulijui na muuzaji halijui. Mashine isipoharibika, fedha yako imekwenda bila kupata kitu mkononi. Ikiharibika na matengenezo yakafika 600,000, wewe umechukua laki nne na elfu kumi zaidi ya ulichotoa. Faida ya mmoja wenu ni hasara ya mwenzake, na ni bahati tu itakayowaamua.

Hii ndiyo gharar, yaani kuuziana jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Allah amridhie, kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza biashara ya kurusha changarawe na biashara ya gharar. Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alisema ni msingi mkubwa katika mlango wa biashara. Akabainisha pia kwamba gharar ndogo isiyoepukika husamehewa: mtu hununua joho lililojazwa pamba bila kuiona pamba ya ndani, na biashara husihi. Lakini pale joho ndilo linalouzwa na pamba inalifuata. Kwenye karatasi yako, kisichojulikana ndicho chenyewe kinachouzwa. Kwa ajili hiyo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, mwaka 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye malipo maalumu umebeba gharar kubwa inayouharibu mkataba, na ikaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Dhamana inayouzwa peke yake iko katika mkondo huohuo hata kama haijaitwa bima.

Amana ya elimu inanitaka nikwambie kwamba suala hili lina khitilafu. Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, faqihi mkubwa wa karne iliyopita, aliona bima inajuzu, na wapo waliomfuata. Siwatukani na sitamwita fasiki aliyewafuata. Lakini umeniuliza mimi, na ninaloliona kuwa na nguvu zaidi kwa dalili ni kwamba usiinunue.

Mke wako hakukosea kuitaja hadithi ile. Ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas: mtu aliuliza, nimfunge ngamia wangu na nitawakali, au nimwache na nitawakali? Akaambiwa, mfunge na utawakali. Mwambie hadithi hiyo ni hoja juu yetu sote. Lakini ngamia hufungwa kwa kamba, na hapa ndipo maneno ya fundi wa Mbuyuni yanaponisaidia. Aliniambia mashine zinazoletwa kwake nyingi zina mambo matatu. Tundu la waya wa HDMI limevunjika kwa sababu watoto wameuvuta waya ovyo. Feni imejaa vumbi mpaka mashine inapata joto na kujizima, na wewe unalijua vumbi letu kabla masika hayajaanguka. Au umeme umekatika ukarudi kwa nguvu, ukaunguza sehemu ya ndani. Nikamuuliza, karatasi za dhamana zinabeba haya? Akanionyesha moja aliyoachiwa na mteja. Kuanguka, kumwagikiwa maji, hitilafu ya umeme, kufunguliwa na fundi mwingine: yote yametolewa. Sikuiona karatasi ya duka lako na sisemi iko hivyo. Isome yote kabla hujaamini kwamba ni kamba, maana huenda ngamia wako ameshafunguliwa kwenye ukurasa wa pili.

Kamba halisi ni stebilaiza nzuri, mashine kuwekwa mahali penye hewa, waya kutovutwa, na swichi kuzimwa umeme unapocheza. Kisha kubaliana na fundi muaminifu aje kila baada ya miezi sita kuifungua na kuisafisha, kwa ujira mnaoujua nyote wawili. Huo ni mkataba wa kazi iliyo wazi, ambao Majmaa hiyohiyo ilipokutana Manama mwaka 1998 kujadili mikataba ya matengenezo iliukubali. Ila usiruhusu mashine ifunguliwe mwaka wa kwanza, usije ukaipoteza dhamana ya kiwandani. Na zile 190,000 ziweke kando kwa jina la mashine. Zisipohitajika, ni zako.

Sasa nikuombe unisikilize katika jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu naona watu wetu wanalipia karatasi huku wakiitupa haki waliyopewa bure na sharia.

Ukinunua kitu ukakuta kina kasoro iliyokuwepo kabla hujakipokea, una khiyari, yaani hiari ya kuchagua: ubaki nacho au ukirudishe uchukue fedha yako. Huhitaji kuinunua khiyari hii na muuzaji hana idhini ya kuifuta. Na kasoro ikidhihiri baadaye, lakini sababu yake ni ya kabla ya kukupa, basi ni ya muuzaji vilevile. Risiti nyingi za madukani zimeandikwa chini, “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Wengi wakiyasoma maneno haya hunyamaza wakarudi nyumbani na kitu kibovu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba muuzaji akiweka sharti la kujivua na kasoro, sharti hilo linamfaa tu kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, kwa kuwa mnyama ana maradhi yaliyofichika. PlayStation si mbuzi. Maneno yale ya chini ya risiti yanazuia mtu kurudisha kitu kizima kwa sababu amebadili mawazo. Hayamhalalishii muuzaji kukuuzia kibovu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ubichi ndani, akasema anayetughushi si katika sisi. Na akasema si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Duka likiwa la Muislamu au asiye Muislamu, haki yako haibadiliki, na sheria ya nchi kuhusu mauzo ya bidhaa nayo inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi yake.

Lakini khiyari hii ina sharti ambalo limewapotezea wengi haki yao: ni ya haraka. Ukiiona kasoro leo, nenda leo, au kesho duka likifunguliwa. Ukiijua kasoro kisha ukaendelea kuitumia mashine wiki mbili kwa sababu watoto wako likizo, umeridhika nayo, na madai yako yameanguka. Basi siku ya kununua usichukue boksi lililofungwa ukaondoka nalo. Iwashwe mbele yako, padi zijaribiwe, diski iingie na kutoka. Chukua risiti ya EFD yenye namba ya PlayStation yenyewe, na dhamana ya kiwandani waulize kama inatumika hapa Tanzania, maana nyingine hufungwa na nchi ilikokusudiwa kuuzwa, na bidhaa za kutoka Dubai ni nyingi madukani.

Huenda ukajiuliza: je, nimwambie muuzaji aandike 1,840,000 kwenye mstari mmoja ili dhamana iingie ndani ya bei? Hapana. Mkishakubaliana kwamba 190,000 ni ya dhamana, kuificha kwenye risiti hakubadilishi mlichouziana. Ila ukipata duka jingine ambalo kila mteja anauziwa kwa bei moja na dhamana ya miaka mitatu imo humo, nunua bila wasiwasi hata kama bei iko juu kidogo. Pale dhamana ni kitu kinachofuata mauzo, na kinachofuata husamehewa kisichosamehewa kikiwa asili.

Kuhusu soda: wakikubaliana kabla ya mechi kwamba anayefungwa ndiye atakayenunua, hiyo ni kamari, hata kama ni soda moja. Kila mchezaji ameingia akiwa ama atapata kwa mwenzake au atatozwa. Wewe ndiye mwenye nyumba, wape soda wewe ukipenda, au wachange wote sawa kabla ya kucheza. Waeleze sababu kwa upole, ni vijana, watakuelewa.

Na ikiwa jawabu hili limekufikia ukiwa umeshalipa, rudi dukani uombe urudishiwe 190,000 zako. Wakikataa, huna dhambi kwa jambo ulilolifanya kabla ya kulijua. Mashine ikiharibika ndani ya muda huo, unaweza kutengenezewa kwa kadiri ya ulichotoa, na kinachozidi ulipe mwenyewe.

Wallahu a'lam.