Glastonbury bila tiketi? Usijaribu

Dada umeuliza kama unaweza tu kwenda na tenti lako Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki linalofanyika shambani kule Uingereza, halafu uingie kwa kuruka ukuta kama watu walivyofanya zamani, jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize vizuri. Ule mwaka 2000 leseni ilikuwa ya watu laki moja hivi lakini wakaingia wengi kupita kiasi, wengine wamepanda fensi wengine wamepita chini, na wiki moja tu baadaye kwenye tamasha jingine la muziki, Roskilde kule Denmark, watu 9 wakafa kwa kubanwa mbele ya jukwaa. Watu tisa, wamekwenda kusikiliza muziki tu! Ndo maana 2001 Glastonbury haikufanyika kabisa, na 2002 ikarudi na ukuta mkubwa wa chuma.

Leseni inatolewa na halmashauri ya pale Somerset, inapanga idadi ya watu, siku hizi kama 210,000 pamoja na wafanyakazi, na hiyo idadi ndo inaamua vyoo, maji, madaktari na njia za kutokea, kwa hiyo ukijipenyeza unakula nafasi ambayo haikupangwa.

Tiketi lazima ujisajili kwanza na picha yako, kuuziana hakuna. Kupiga tenti kumo humohumo kwenye bei, ila kempavani, yaani gari la kulala, inalipiwa zaidi. Usibebe chupa za glasi, ng'ombe wanakula majani hapo baadaye. Na tenti lako rudi nalo nyumbani tafadhali.

Halafu 2026 ni mwaka wa shamba kupumzika, yaani tamasha hakuna.