Anti wa Mapovu na Namna ya Kumshika Mkono

Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Kibanda changu kipo Mwembe Tayari, Mombasa, na yote ninayoyajua kuhusu hospitali nimeyajulia kwenye stuli ya plastiki kando ya kitanda cha binti yangu. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao sickle cell, ambao baridi huuchokoza ukaleta maumivu makali. Wenye watoto wa aina hii hapa Pwani tuko wengi, na twajuana kwa macho. Ukimwona mtu mwezi wa Julai, kusi yavuma, amemvisha mtoto sweta na soksi mbili na wenziwe wanacheza vifua wazi, basi huyo ni mwenzetu.

Maumivu yakimshika, mtoto hutakiwa maji mengi na dawa ya kutuliza, na mara nyingi hutiwa dripu. Dripu yataka mshipa, na mishipa ya mtoto aliyedungwa tangu utotoni huwa imechoka kutafutwa.

Kosa langu nalisema mwenyewe. Siku moja alikuwa apelekwe kupimwa damu, nami kwa kuogopa kelele nikamwambia twaenda Mama Ngina, pale ufuoni, kula muhogo wa kukaanga. Tuktuk ilipopinda kwenye lango la hospitali hakulia. Alinitazama tu. Kule ndani walimshika watu wanne, mmoja wao mimi, nimembana miguu. Kuanzia hapo hata nikimwambia twaenda chuoni, yaani madrasa, ataniuliza, "Chuo kweli, baba?" Ilichukua miezi.

Mtu aliyenitoa kwenye aibu ile ni muuguzi mmoja ambaye watoto wa wodi humwita Anti wa Mapovu, kwa ajili ya kichupa cha maji ya sabuni kisichomtoka mfukoni. Kwenye karatasi za ajira ni muuguzi kama wengine. Kazi anayoifanya hasa, ya kumwandaa mtoto na wazazi kwa yatakayompata, ina jina na cheti katika nchi nyingine. Kule Marekani, mwaka 1955, mwalimu mzaliwa wa Vienna aitwaye Emma Plank alianzisha idara nzima ya kazi hiyo katika hospitali ya jiji la Cleveland. Uingereza wana wataalamu wa michezo ya watoto hospitalini. Hapa kwetu Kenya, Eldoret wametutangulia: kwenye hospitali ya rufaa ya Moi kuna kituo cha Sally Test, ambapo watoto waliolazwa hucheza na kusoma. Huyu wetu aliisomea kidogo, nyingine akajifunza kwa macho, na huifanya katikati ya zamu yake.

Nami, Mungu anisamehe, mara ya kwanza nilidhani ni mvivu. Wenzake wanapishana na trei, yeye kaketi kwenye jamvi anamdunga mwanasesere.

Jambo la kwanza aliloniambia aliniita nje kwenye baraza kulisema. "Baba, usimdanganye tena. Ukimdanganya wewe, mimi sina changu hapa." Kisha akanionyesha kazi yenyewe. Alimpa binti yangu bomba la sindano lisilo na sindano, akalichezea, akalijaza maji, akamrushia nyanyake. Akamwambia kwa lugha ya mtoto: kwanza utafungwa mpira mkononi, utabana, halafu pamba ya baridi, halafu itauma kama kuumwa na siafu, utahesabu mpaka kumi. Hakusema haitauma. Akamuuliza, "Wataka mkono huu au huu?" Hakumuuliza kama yuko tayari, maana angesema la, na jibu hilo hakuna ambaye angelifuata. Niliketi kitini, binti yangu mapajani, tumeelekeana kifua kwa kifua, mkono mmoja umepitishwa kwapani mwangu hadi kwa daktari. Na sauti ikawa moja tu chumbani, ya Anti. Sisi wengine tulinyamazishwa. Huwezi kupuliza mapovu huku umebana pumzi, ndiyo maana ya kile kichupa. Alilia, ndiyo. Lakini hakuna aliyembana miguu, na mshipa ulipatikana mara ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayetaka kuwasaidia watu kama Anti hauanzii mfukoni. Unaanzia nyumbani, kwenye ulimi. Acheni kuwatisha watoto kwa daktari. "Nyamaza, nitamwita daktari akudunge!" Nani kati yetu hakukuzwa na maneno hayo? Mama yangu mwenyewe, nyanya mtu, aliyatumia hadi juzi, na ilibidi Anti amketishe kwa heshima zote, "Bibi, nakuomba", amweleze kwamba kila akisema vile yeye hutumia saa nzima kuyafuta. Saa hiyo ina watoto wengine wanaoingoja. Mama alinuna siku mbili, kisha akaacha. Sasa ndiye anayewakataza majirani.

Na ukiwa mzazi pale kitandani, uliza, "Nishike wapi? Ninyamaze au niseme?" Kisha fuata. Ukiona umezidiwa na machozi, toka kidogo, lakini umwambie mtoto unatoka na utarudi baada ya nini. Usichomoke akiwa amesinzia. Kumbe Waingereza nao walichelewa: ripoti ya kamati iliyoongozwa na Harry Platt, mwaka 1959, ndiyo iliyoshauri wazazi waachiwe kuwaona watoto wao hospitalini wakati wowote. Kabla ya hapo, hospitali nyingi za kule zilipanga saa za kumwona mwanao, nyingine siku moja moja tu kwa wiki.

Haya, sasa zawadi. Desemba hujaa watu wodini. Vikundi vya fulana za rangi moja, keki, maputo, simu juu. Ikifika Aprili huoni hata mmoja. Nisisemwe nabeza sadaka, lakini nimekaa pale nikaona yanayotokea mlango ukishafungwa. Midoli ya manyoya haiwezi kupita kitanda hadi kitanda, maana hubeba vijidudu, basi hufungiwa kabatini. Maputo yakipasuka, vipande huweza kumkaba mtoto mdogo. Peremende hugawiwa hata yule aliyefunga kula kwa ajili ya upasuaji wa kesho, halafu Anti ndiye anayemnyang'anya na kuchukiwa. Na picha! Mtoto hana nywele, ana mpira puani, kisha yuko kwenye kila kundi la WhatsApp la Kisauni. Ungekubali awe wako?

Mpigie Anti kwanza, au mpitie, umuulize anachokosa wiki hii. Majibu yake hunishangaza kila mara. Sabuni ya maji. Kalamu za rangi, paketi ndogondogo nyingi badala ya boksi moja kubwa, ili kila mtoto aondoke na zake. Vitu vya plastiki vinavyooshwa. Nauli ya mama mmoja wa Kwale ambaye ameruhusiwa tangu jana na hana cha kumfikisha kwao ng'ambo ya feri. Siku moja alisema anataka kidau cha wino tu, nami nikacheka. Baadaye nikajua ni cha nini. Mtoto akifariki, huwauliza wazazi kama wangependa alama ya kiganja chake kwenye karatasi. Wako wanaokubali, wako wasiotaka, naye hasukumi. Akimaliza hunawa wino, na kitanda cha pili kuna mtoto anayengoja mapovu.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niseme: naye ni mtu. Usimwulize habari za vitandani ili upate la kusimulia kibarazani. Mpelekee mahamri na mbaazi asubuhi akitoka zamu ya usiku, ukae naye kimya kama yeye yuko kimya. Ramadhani tulizoea kumpelekea futari wodini, kwa sababu magharibi humkuta hapo hapo.

Jingine ambalo halina gharama ni barua. Mkubwa wa hospitali huona hesabu ya dripu, hesabu ya dawa, hesabu ya vitanda. Mtoto aliyetulia haandikwi popote. Mimi na wazazi wengine watatu tuliandika ukurasa mmoja mmoja, kila mtu na jina na sahihi yake, tukieleza mwanasesere na mapovu vilibadilisha nini. Anti anazo kwenye faili, na anapoomba apewe hata siku mbili kwa wiki za kazi hiyo pekee ana cha kushika. Hospitali za umma nyingi ziko chini ya kaunti, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi, kwa hiyo vikao vya wananchi kuhusu bajeti huja kabla ya hapo. Nendeni. Sisi twajaa tukisikia barabara na taa, la wodi ya watoto halina msemaji.

Nami mchango wangu ni wanasesere, na hata huo nilifunzwa upya. Wa kwanza niliwajaza sufi na kuwatia macho ya vifungo. Anti aliwarudisha wote: kifungo hung'oka kikamezwa, na sufi ikifuliwa hushikana mabonge. Sasa najaza vitambaa vilivyokatwa vidogo, na uso nauacha mtupu, mtoto auchore mwenyewe kwa kalamu. Anavyouchora uso ule, asema Anti, humwambia mambo ambayo mtoto hayatamki. Kila mtoto humchukua wake akienda nyumbani.

Nawashona kwa leso kuukuu, yaani kanga, na leso ina maneno. Nilikata moja ya "Mla nawe hafi nawe" bila kuangalia, na neno HAFI likaangukia kifuani mwa mwanasesere. Anti alipoliona alimweka kando anirudishie, asije mtu akalisoma vibaya. Mama mmoja, mwanawe alikuwa na wiki ya tatu pale, akamwona juu ya meza, akasoma, akamchukua. Alikataa katakata kumrudisha.

Wiki hii ameagiza kumi na wawili: wawili vichwa visifunikwe kwa leso, viachwe na upara, na mmoja mguu uishie gotini. Leso zimeniishia. Mwenye kuukuu aniletee kibandani, zikiwa zimefuliwa na kuanikwa juani, na iwe kabla ya Ijumaa.