Barua kwa mwanangu: mtume analala kwa mtu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Mama yako magoti bado yanamsumbua asubuhi, lakini jana alipanda mwenyewe ule mlima wa mawe mpaka kwa shangazi yako Bugando, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Ujumbe wako niliupata Jumapili tukitoka misa ya pili. Unasema paroko wako huko Bukoba amekuomba uwe mlezi wa timu ya vijana itakayozunguka vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia, mwaka mzima, na kwamba tangu ile habari ya ugonjwa wa Marburg kule Biharamulo, Januari 2025, moyo wako haujatulia. Ukauliza: "Baba, mwaka wa korona, mlipokuwa mnazunguka na vijana, mliogopa?"

Tuliogopa, mama. Ila tuliogopa mahali pasipostahili.

Mwaka wa kwanza tulijiogopea wenyewe. Mgonjwa wa kwanza nchini alipotangazwa, tarehe 16 Machi 2020, tulikuwa katikati ya semina za Kwaresima. Kesho yake shule zikafungwa. Wale vijana wetu wa TYCS, wanafunzi Wakatoliki, wakarudi makwao na mabegi yao, tukabaki na wale wa VIWAWA, vijana Wakatoliki wafanyakazi: fundi cherehani, wauza samaki wawili wa Kirumba, yule kijana wa bodaboda aliyekuwa akipiga kinanda, na wasichana wanne. Makanisa hayakufungwa. Tuliacha kupeana mikono wakati wa kutakiana amani, tukawa tunainamiana tu. Chombo cha maji ya baraka mlangoni kikawa kikavu. Aprili tulifunga na kusali siku tatu kama taifa lilivyoombwa. Idadi ya wagonjwa ilipofika 509 hatukutangaziwa tena, kila mtu akabaki na hesabu za mtaani kwake. Hapa nyumbani mama yako alikuwa akichemsha michaichai, mwarobaini na malimau, anatufunika blanketi mmoja mmoja tujifukize. Kaka yako alilia mvuke ulipomwingia machoni, ungemwona.

Miezi ile ilikuwa na uzuri wake pia, nisikufiche. Kwa kuwa hatukutaka kujazana kanisani, semina tulifanyia chini ya miembe. Vijana walichora duara mchangani kwa kijiti, kila mtu na duara lake, na katikati ndoo ya maji tiririka. Ukiimba nje, sauti haina ukuta wa kurudia, inabidi uisukume. Wale wasichana wanne walijifunza kuimba mwaka ule kuliko miaka yote niliyokuwa nao. Jioni moja kule Bukumbi, pale ilipo misheni ya mwaka 1883, waliimba masifu ya jioni upepo wa ziwani ukivuma kutoka nyuma yao, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakaziweka chini wakasikiliza mpaka mwisho. Ile jioni ningeilipia nauli tena leo.

Lakini hukuniuliza hayo. Na nilichotaka kukuambia ni cha mwaka uliofuata.

Unajua ninachosema siku zote, mpaka mama yako amechoka kukisikia: mtume halali barabarani, analala kwa mtu. Tukisema "timu inazunguka", watu wanaona gari, ngoma na fulana zinazofanana. Hawaoni kwamba kila usiku kuna mtu amehama kitanda chake.

Januari 2021 maaskofu walitoa waraka wa tahadhari, kwamba ugonjwa umerudi na tujilinde. Niliusikia. Nilikuwa nao moyoni tulipopanga foleni Kigongo kusubiri kivuko, tukiitazama mitambo iliyokuwa inasimika nguzo za daraja majini. Wenzetu wa jimbo la Geita walikuwa wametualika ng'ambo ya Busisi tangu Novemba. Kigango kilikuwa kimechanga mahindi na mbuzi. Mimi ndiye niliyeamua twende. Siyo padre wala vijana. Nilisema watu wameshachanga, tukiwaambia hatuji tutawavunja moyo.

Tulivuka na mvua. Mmoja wa wasichana akaanza kukohoa tukiwa bado kwenye kivuko. Nikasema ni mafua.

Wasichana walipangiwa kwa bibi mmoja, mjane wa katekista wa zamani. Nyumba ya vyumba viwili, bati jipya, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani imepauka mpaka uso hauonekani vizuri. Alitusubiri mlangoni. Vijana walimpa shikamoo kwa mbali, barakoa usoni, mikono nyuma, kama nilivyowafundisha. Bibi akatuangalia, akanyoosha mkono, akaniambia: "Mgeni asiyenishika mkono amekuja kwangu au amekuja kwa redio?"

Nikampa mkono. Wake ulikuwa na unga wa muhogo kwenye mistari ya kiganja, wa joto, mgumu kama ubao wa jahazi. Nilipompa mimi, vijana nao wakampa. Yule aliyekuwa anakohoa alikuwa wa mwisho, na bibi alimshika kwa mikono yote miwili kwa sababu alimwona ana baridi. Akampa khanga yake.

Siku tatu tulikaa. Bibi alilala kwenye mkeka chumba kimoja na wasichana, maana kitanda aliwapa wao. Tulipoondoka alitujazia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye beseni la kijani, akasema, "Mtanirudishia mkija tena." Nikasema wabeja, asante bibi, tutakuja.

Baada ya kama wiki mbili katekista akapiga simu kwamba bibi amefariki. Kifua kilimbana siku nne, hospitali hakufika. Wakati ule hakuna aliyempima mtu kama yeye, na hakuna aliyeandika kitu.

Sasa mwanangu, nimejibizana na nafsi yangu miaka yote hii. Yule msichana alipona ndani ya wiki, na hatujui alikuwa na nini. Hakuna mwingine kwenye timu aliyeugua. Katekista aliniambia kwamba juma lile lile kulikuwa na msiba jirani, na waombolezaji walitoka Dar es Salaam, na bibi alikwenda kupika. Kwa hiyo inaweza isiwe sisi. Mwezi Machi katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu alisema mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Masista wale hawakuwa wanazunguka na timu yangu. Ugonjwa ulikuwa kila mahali. Najiambia hivyo, na ni kweli, na bado nikiosha mikono jioni nauona ule unga wa muhogo.

Halafu najiuliza upande wa pili. Tusingekwenda je? Yule bibi alikuwa na hamu na watu. Wasichana walisema usiku aliwafundisha nyimbo za zamani za Kisukuma mpaka taa ikaisha mafuta, akicheka. Tangu mumewe afariki hakuwa amelaza mgeni. Ni haki yangu mimi kumwamulia kwamba afadhali asishikwe mkono? Padre wetu, nilipomwambia haya, alisema nilikwenda kwa upendo. Nilimheshimu nikanyamaza. Lakini upendo ungeweza pia kulala kwenye gari, au kwenye sakafu ya darasa. Shule ilikuwa mita mia mbili pale! Madarasa yalikuwa wazi jioni. Sikuwaza kuomba darasa kwa sababu ningeonekana nimemkataa mwenyeji.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuogopa, na sikuogopa. Mtume analala kwa mtu, nilikuwa nawaambia vijana kila siku, na mimi mwenyewe sikumfikiria huyo mtu ana umri gani na analala wapi tukishachukua kitanda chake.

Chanjo ilipoanza mwishoni mwa Julai 2021 nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo mtaani kwetu, unakumbuka nilivyogombana na baba yako mdogo. Yeye alidhani nimeogopa kufa.

Kuhusu uende au usiende, sitakuamulia. Mama yako anataka nikuambie usiende, na nimekataa kuliandika kama langu. Wewe ni mtu mzima na paroko wako anakujua. Ungekuwa hapa mezani ukanibana, huenda ningesema nenda, halafu ningekesha. Ila ukikubali, kabla hujapanga ratiba ya nyimbo na maigizo, piga simu kwa makatekista uulize nyumba kwa nyumba: nani anatupokea, ana miaka mingapi, yeye atalala wapi. Kijana akikohoa, arudi siku hiyo hiyo hata kama ndiye mpiga kinanda. Na mwenyeji akikunyooshea mkono, hapo sijui nikuambie nini. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta.

Beseni bado tunalo. Ndilo lile la kijani ambalo mama yako anawekea unga, ulilikuta ulipokuja likizo ukauliza mbona lina jina la mtu kwa rangi nyeupe chini yake. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilisema sasa sina kisingizio, kilomita 3 tu na hakuna foleni. Nimeshavuka mara mbili. Mara zote mbili nimefika Sengerema bila beseni, na mama yako anasema sikulisahau.

Ukija Desemba tenga siku moja twende wote. Binti yake anaishi kwenye nyumba ile ile. Nitanunua sukari na mchele, wewe utalishika beseni.

Baba yako